Kujitolea Si Salongo

Kuna neno moja hapa Kakuma limechoka kuliko punda wa kuni, nalo ni "kujitolea". Kijana akimaliza Form Four na hana karo ya kuendelea, anaambiwa ajitolee. Akijitolea mwaka mzima halafu aulize habari ya insentivu, anaambiwa wako wengi nje wanaotaka nafasi yake. Mimi ni mmoja wa hao. Nafanya kazi na vijana kwenye kituo kimoja hapa kambini, na sitaki neno hilo litupwe, kwa sababu najua uzuri wake. Nataka tulichukue kutoka kwa wale wanaolitumia vibaya. Mfano nitakaoutumia utawachekesha wengine: watu wanaoandika maswali ya kufundisha majaji wa mchezo wa kadi.

Wazee wanaodhani nazungumzia kamari watulie. Hakuna pesa mezani, na anayekuja na pesa tunamtoa nje.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Aliubuni Mmarekani Richard Garfield, mtu wa hisabati, na ukaanza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro, hao watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea. Kila mchezaji anakuja na fungu lake mwenyewe, kwa kawaida si chini ya kadi 60, na amelipanga kwa akili yake kutoka kwenye kadi alizokusanya au kubadilishana na wenzake. Tangu mwanzo zimechapishwa kadi tofauti zaidi ya 20,000. Kila kadi ina maneno yake, na maneno ya kadi moja yanagombana na ya nyingine. Kanuni za mchezo zimejaa karibu kurasa 300. Sisi tuliufahamu kwa sababu kaka wa kijana mmoja wa kituo alihamishiwa Marekani, akakuta wenzake wa shule wanacheza, akamtuma mgeni na sanduku zima. Vumbi la Kakuma mnalijua. Kila kadi tuliivalisha mfuko wake wa plastiki kabla hata hatujajua inafanya nini.

Sasa, mchezo wenye kadi 20,000 na kanuni kurasa 300 hauwezi kuchezwa bila mwamuzi. Mwamuzi huyo haitwi refa, anaitwa jaji, na kazi yake inatofautiana na ya refa. Refa wa mpira anakimbia na filimbi akitazama kila kitu. Jaji wa kadi hawezi kutazama meza hamsini. Anasubiri mchezaji ainue mkono na kumwita, anafika, anasikiliza pande zote mbili, anaamua. Asiyeridhika anaweza kumwita jaji mkuu wa mashindano, na huyo akisema imekwisha.

Jaji huyo anafundishwaje? Hawezi kukariri kurasa 300, na hata akizikariri hazitamsaidia. Anafundishwa kwa maswali. Na sehemu kubwa ya maswali ya mazoezi, miaka hii yote, imeandikwa na wajitoleaji: majaji wenyewe, baada ya kazi zao, usiku, bila mtu kuwalazimisha. Upo mradi mmoja unaoitwa RulesGuru ambao wameujaza maswali ya aina hiyo, na yeyote anajipima bure.

Wapo wanaosema, "Ah, maswali tu! Nani hawezi kuandika swali?" Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu dharau yote inaanzia hapo.

Chukua kadi tatu za kawaida kabisa. Grizzly Bears ni dubu mwenye nguvu 2 na uhai 2. Lightning Bolt ni radi inayopiga pigo la 3. Giant Growth inamwongezea kiumbe 3 na 3 mpaka mwisho wa zamu. Neema anampiga dubu wa Amina kwa radi. Radi kabla haijatua, Amina anajibu kwa Giant Growth. Je, dubu anakufa? Hapana. Kadi zinazosubiri zinarundikana kama sahani chafu, na sahani ya juu ndiyo inaoshwa kwanza. Giant Growth iko juu, inafanya kazi kwanza, dubu anakuwa 5 na 5, pigo la 3 linamkuta amenenepa. Anaishi.

Sasa geuza tu mpangilio. Amina ndiye anaanza, anatoa Giant Growth, na Neema anajibu kwa radi. Kadi ni zilezile, watu ni walewale. Safari hii radi iko juu, inatua kwanza, dubu bado ni 2 na 2, anakufa, na Giant Growth inabaki haina wa kumnenepesha. Mwanafunzi aliyekariri tu kwamba "Giant Growth inaokoa" ameanguka hapo. Aliyeelewa amepita. Maswali mawili mafupi yametenganisha watu wawili ambao kwa macho walionekana sawa.

La tatu ndilo tamu. Turudi kwa yule dubu aliyeokoka. Ana pigo la 3 mwilini na kwa sasa ni 5 na 5. Zamu inaisha, nyongeza inaondoka, anarudi 2 na 2. Pigo la 3, uhai 2. Je, hapo amekufa? Pale kituoni kwetu swali hilo lilizaa ugomvi wa saa nzima. Wakongomani wenzangu walisimama wote, "Dubu amekufa, njo vile!" Jibu liko kwenye kanuni ya 514.2: mwisho wa zamu mapigo yanafutwa na nyongeza inaondoka kwa wakati mmoja, hakuna hata nukta moja ambayo dubu yuko na pigo la 3 na uhai 2 kwa pamoja. Anaishi.

Aliyeandika swali hilo kwenye daftari letu ni binti wa miaka 16. Hakulitoa kitabuni. Alikaa mezani, alisikia watu wazima wakikosea kwa kujiamini, akaenda nyumbani akaliandika vile ugomvi ulivyokuwa. Nasisitiza hilo. Swali zuri linatoka kwenye kosa la kweli la mtu wa kweli. Sisi tuliofanya KCPE kabla haijaondolewa mwaka 2023 tunakumbuka yale majibu ya A, B, C, D, na kila mara moja lilikuwa la kuchekesha, unalifuta bila kufikiri. Kwenye swali zuri la jaji hakuna jibu la kuchekesha. Kila jibu lisilo sahihi ni kitu ambacho mchezaji fulani anakiamini kabisa. Waandishi wengine hawaweki hata A na B, wanakuachia ueleze mwenyewe na useme kwa nini. Kuna na adabu ndogondogo: mwenye zamu anapewa jina linaloanza na A, mwenzake N, ili msomaji asipotee nani ni nani (ndiyo maana Amina na Neema). Usiweke kadi isiyohitajika. Taja namba ya kanuni kwenye jibu. Na mtu mwingine alisome swali kabla halijawafikia wanafunzi, kwa sababu swali lenye kosa linafundisha kosa.

Hiyo ni kazi, tena ya mtu aliyekaa mezani. Asiyecheza hawezi kuifanya hata akiwa na digrii tatu.

Haya, tuone wenye mchezo waliwafanyia nini watu hao. Kwa miaka mingi majaji walikuwa kwa kiasi kikubwa wajitoleaji. Kwenye mashindano waandaaji waliwapa chochote, pesa au paketi za kadi, na kutoka kwenye kampuni shukrani ilikuwa kadi maalumu zinazong'aa, ambazo hazikupatikana dukani. Mwaka 2016 baadhi yao walikwenda mahakamani huko California wakidai kwamba kazi waliyoifanya ni ajira na walipwe kama waajiriwa. Kampuni ilikataa. Mwaka 2019 mafunzo ya majaji yakaondoka mikononi mwa kampuni, yakaenda kwa taasisi ya nje iliyoitwa Judge Academy, na jaji akawa analipa ada kila mwaka ili atambulike. Mwaka 2023 taasisi hiyo nayo ikatangaza kwamba inafunga. Majaji wa Marekani na Kanada ikabidi wajiundie chama chao wenyewe. Na wakati huo wote mchezo haukuwa maskini: mwaka 2022 pekee uliiingizia Hasbro zaidi ya dola bilioni 1.

Mimi sikusoma sheria, sitasema nani alikuwa na haki mahakamani. Ninachoona ni hiki: mwenye nyumba alibadilika, aliyefuata akafunga mlango, lakini maswali ambayo majaji waliyaandika na kuyaweka mahali pao wenyewe yalibaki mikononi mwao. Leo mtoto anayeanza anayasoma bila kumwomba mtu. Walijitolea, ndiyo, ila walipeana wao kwa wao.

Wazee wa Kongo watanielewa haraka hapa. Enzi za Mobutu kulikuwa na salongo. Unaitwa Jumamosi, unachukua jembe, unalima njia, na redio inasema wananchi wamejitolea kwa furaha. Usipokwenda utajua. Halafu kuna likelemba, ambayo mama zetu wanaicheza mpaka leo hapa Kakuma: kila mtu anaweka, na zamu ya kila mtu kupokea inafika. Zote mbili ukizitazama kwa mbali ni watu wanatoa bila mshahara. Lakini muulize mama yeyote wa Kakuma One kama ni kitu kimoja.

Maswali ya majaji, yakibaki wazi kwa wote, ni likelemba. Nimeandika mimi leo, kesho nitajifunza kwa swali lako. Mtu wa nje akiyakusanya, akayapiga muhuri, akayafungia kabatini, yamekuwa salongo.

Na sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Pale kituoni tulianza na swali moja la chaki ukutani kila Jumanne. Leo tuna madaftari matatu, maswali 146, yameandikwa na vijana tisa, kwa Kiswahili. Kadi hizi zimechapishwa kwa lugha kadhaa za dunia, Kiswahili hakimo, kwa hiyo kila neno tumelitafuta sisi. Kugeuza kadi upande kuonyesha imetumika tunaita "kulaza". Mahali pa kadi zilizokufa ni "makaburi". Neno "rundo", kwa zile kadi zinazosubiri kama sahani, lilitugombanisha siku mbili, Wakenya walitaka "foleni", na Wakenya walikosea, maana kwenye foleni wa kwanza ndiye anahudumiwa kwanza.

Kisha njia hiyo ikatoka kwenye kadi ikaingia uwanjani. Marefa wetu wa mpira walikuwa wanafundishwa kwa kusomewa sheria mpaka walale. Kijana mmoja Msomali, mchezaji wa kadi na refa pia, akaandika la kwanza: mshambuliaji amepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, yuko peke yake na kipa, je, ameotea? Wengi wa marefa wetu walijibu ndiyo. Sheria inasema hapana, kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Ngumi ngapi zimepigwa hapa kambini kwa sababu ya jambo hilo moja! Sasa tuna daftari la marefa pia, na mechi za vijana zinaisha watu wakipeana mikono, si kila mara, lakini zaidi ya zamani.

Mwaka huu shirika moja, jina nalihifadhi, lilisikia likapenda. Wakaja na gari, wakapiga picha za madaftari, wakasema wanataka kutengeneza kitabu cha mafunzo ya waamuzi vijana kwa kambi nzima. Vizuri sana. Halafu wakatoa fomu. Fomu inasema yote yaliyoandikwa yatakuwa mali ya shirika. Waandishi ni "wajitoleaji", watapewa soda na cheti cha shukrani. Na atakuja mshauri kutoka Nairobi, analipwa kwa siku, kuyaboresha maswali. Niliuliza kama mshauri amewahi kucheza. Hajawahi kulaza hata kadi moja. Niliuliza kama vijana wataweza kuendelea kunakili madaftari yao. Nikajibiwa, "Hilo tutaliangalia baadaye."

Majina ya waandishi? Hayapo kwenye fomu.

Nimeshasikia wanaosema nina njaa ya pesa. Ndiyo, nina njaa, nani hapa hana? Hapa Kenya mkimbizi anayefanya kazi kwenye ejensi kwa kawaida anapewa insentivu, si mshahara, hata kama kiti chake kiko karibu na cha mwenye mshahara na kazi ni ileile. Tumeizoea hiyo mpaka tunaona ni kama hali ya hewa. Lakini sikuanza na pesa. Vijana wale tisa hawakuomba shilingi walipoandika, na hawataomba kesho wakiandikiana. Wameanza kuuliza pale mtu mwingine alipolipwa kwa kazi yao. Mnisaidie: nani kati yao aliyeleta pesa mezani?

Wengine wananiambia ejensi nazo zimepungukiwa, misaada imekatwa. Najua, hata sahani yangu inajua. Kama hakuna pesa, basi hakuna pesa, tukae wote kwenye sakafu na kalamu, pamoja na mshauri. Ninachokataa ni pesa inayopatikana kwa anayekuja na kupotea kwa aliyekuwepo.

Na kuna ndugu zangu vijana ambao wako tayari kusaini kwa ajili ya cheti. Sitawacheka. Hata mimi nina faili, ndani yake kuna vyeti kumi na kimoja, naibeba kila ninapoitwa kwenye usaili, nikiamini labda siku moja mtu atavisoma. Lakini tuseme ukweli, bana. Jaji wa kule Marekani akichoka na kadi yake inayong'aa anaweza kuiuza, kuna mtu atainunua. Cheti changu cha shukrani hakuna duka litakalokipokea kwa kilo ya unga.

Yupo pia aliyeniuliza, mbona kadi zenyewe ni za kampuni ya Marekani, na kanuni ni zao, ninyi mnadai nini? Swali zuri, ningelitia daftarini. Majina ya kadi ni yao, hatubishi, na hatuuzi chochote. Sheria za mpira pia si zetu. Lakini ule ugomvi wa saa nzima juu ya dubu ulikuwa wetu, na maneno ambayo binti yule aliyatumia kuumaliza hayakuwepo duniani kabla hajayaandika.

Kwa hiyo fomu isisainiwe ilivyo. Kama shirika linataka kitabu, jina la kila aliyeandika likae chini ya swali lake. Madaftari yabaki kituoni, na mtu yeyote, wa bloku yoyote, wa taifa lolote, anakili bure, na shirika linakili bure vilevile kama wengine. Hakuna swali la kubadilishwa kabla aliyeliandika hajaketi na anayelibadilisha, kwa sababu neno moja likihama dubu anakufa. Na siku ambayo mshauri analipwa kwa kugusa maswali, kijana anayemwelekeza siku hiyo alipwe pia, siku kwa siku. Hayo si mambo makubwa. Wakikataa, tutabaki na madaftari yetu na chaki yetu, kama tulivyokuwa.

Nimeambiwa kuandika hivi kunaweza kunipunguzia nafasi zangu. Inawezekana. Wale tisa wamenisoma kabla ya ninyi, wamekubali, na wawili wamenisahihisha Kiswahili.

Mkutano na watu wa shirika ni Jumamosi, saa nne asubuhi, palepale kituoni. Wazazi wa waandishi waje, maana sita kati yao hawajafika miaka 18 na fomu inahitaji sahihi ya mzazi. Mama, baba, tafadhali msisaini njiani wala kwenye gari. Daftari la nne limenunuliwa na halijaandikwa kitu. Anayecheza drafti aje pia, bado hatuna hata swali moja la drafti, na pale chini ya mti mnagombana kila siku.